Niliandika Mbili

Jumanne, tarehe 4 Juni. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata kamba ya pili ya kuanikia haikuonekana kutoka mlangoni, na mashuka ya gesti yalikuwa yananing'inia na maji yake vilevile nilivyoyaacha jana. Nilisali, nikanywa chai, nikaingia kwenye chumba cha kupigia pasi na kufunga mlango.

Nilifunga mlango kwa sababu ya mkono. Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimeegemeza kiganja cha kushoto juu ya pasi, nikidhani nimeshika ukingo wa meza. Sikusikia kitu. Aliyenipa habari ni pua. Nimekuwa dobi kwa miaka thelathini na mmoja, naijua harufu ya pamba ikiungua, na ya sufu, na ya nailoni. Hii ilikuwa harufu ngeni. Nikatazama shuka, zima. Nikatazama blanketi la mezani, zima. Ndipo nikatazama mkono.

Mke wangu nilimwambia nimechubuliwa na waya wa kamba. Akanifungia kitambaa, akasema, "Pole, baba," akarudi kwenye cherehani yake akiimba. Alikuwa akiimba sana siku zile. Nami ndiye niliyekuwa nimempa sababu ya kuimba, na sababu yenyewe ilikuwa ya uongo.

Ugonjwa wangu ni wa mishipa ya fahamu. Ulianza kwenye vidole vya miguu miaka mitatu iliyopita, ukapanda, ukaingia mikononi. Ajabu yake ni kwamba unakunyima unachopaswa kusikia na kukupa usichopaswa. Pasi ya moto siisikii, lakini nikisimama kwenye sakafu baridi nyayo zinawaka kana kwamba nimekanyaga makaa. Mtu ukimweleza anakutazama miguu, anaona miguu, anaondoka.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, kliniki ya hospitali ilitafuta watu wa kushiriki utafiti wa dawa mpya ya maumivu hayo. Nikaenda na mke wangu. Muuguzi wa utafiti, ambaye sote tunamwita Sista, alitukalisha, akatusomea karatasi kumi na moja, moja baada ya nyingine. Wakati ule kusoma kwangu kulikuwa kwa kuungaunga. Nilikuwa ndiyo kwanza nina mwezi mmoja katika darasa la jioni la watu wazima, nikikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga mbao. Basi nikaweka kidole gumba kwenye wino, na mke wangu akasaini kama shahidi.

Jambo moja nililiuliza mara mbili. Sista alisema nusu yetu tutapewa dawa, nusu tutapewa kidonge kinachofanana nayo kwa rangi, kwa ukubwa na hata kwa ladha, ila ndani hakina dawa.

"Na mimi nitapewa kipi, mwanangu?"

"Sijui, mzee wangu."

"Daktari je?"

"Naye hajui. Kompyuta ndiyo iliyopanga, na haitasema mpaka utafiti uishe."

"Sasa kwa nini mtufiche, na nyinyi wenyewe mjifiche?"

Akaweka kalamu chini. "Kwa sababu mtu akitumaini, maumivu yanaweza kupungua kweli, hata kama amemeza kidonge kitupu. Na mimi nikijua wewe umepewa dawa, nitakuuliza nikitabasamu, na wewe utanijibu vizuri ili usiniangushe. Tutajuaje basi kama iliyofanya kazi ni dawa au ni tumaini?"

Hilo nililielewa kwa kazi yangu. Ukitaka kujua kama sabuni mpya inatoa doa, chukua mashati mawili yenye doa moja. Moja lifue kwa sabuni, lingine kwa maji tu, uyakunje sawa, umpe mtu asiyejua lipi ni lipi akuambie. Ukimpa aliyeinunua sabuni, atakuambia imetoa, hata doa likiwa linamkodolea macho.

"Kwa hiyo kipimo ni nyinyi," Sista alisema. "Maumivu hayana mizani. Hakuna picha inayoyaonyesha. Tuna daftari hili tu."

Akanipa daftari dogo la jalada la kijani. Kila jioni nizungushie duara namba moja, kuanzia sifuri, maana yake sina maumivu, hadi kumi, maana yake siwezi kuvumilia. Nilifurahi. Namba nilikuwa nimeshazijua zote.

Siku ya kwanza nilizungushia nane. Ilikuwa nane kweli.

Nilipomaliza, mke wangu alilichukua daftari, akalitazama, akalirudisha polepole mezani. Wiki ya pili alikuwa akilitazama kila jioni, na kila jioni nane ilimfanya anyamaze. Katika kikundi chetu cha maombi tunafundishwa kumshukuru Mungu kwa jambo hata kabla halijaonekana. Nikajiuliza, mimi ninayeombewa na watu kumi na wanne kila Alhamisi, nikiandika nane, si ninamwambia Mungu kwamba hajafanya kitu? Wiki ya tatu ilipoanza nikaomba, nikachukua kalamu, nikazungushia saba. Kwa imani.

Kesho yake sikuweza kurudi nane. Nikaandika sita. Nilishuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akipapasa kwa mguu kama kuna kidato kingine, na kila mara kilikuwepo. Wiki ya tano nikafika mbili. Hapo nikasimama, maana nilihofia kwamba nikiandika moja watashtuka.

Mke wangu aliishika ile mbili kwa mikono miwili. Alhamisi ile alisimama kwenye kikundi akasema, "Mume wangu alikuwa nane, sasa ni mbili!" Watu wakapiga makofi, wakalia. Nami nikalia. Walidhani ni furaha.

Baada ya hapo mlango ukajifunga wenyewe. Tangu ugonjwa uzidi, mke wangu ndiye aliyekuwa akipiga pasi, na cherehani yake ilifunikwa shuka pembeni. Sasa akasema, "Kama ni mbili, baba, si unaweza kurudi kazini, na mimi nirudi kwenye kushona nguo za watu?" Ningemjibu nini? Mtu wa nane hukaa kitini. Mtu wa mbili hupiga pasi. Nikarudi kwenye chumba kile chenye dirisha moja lisilofunguka, nikasimama saa sita kwa siku juu ya miguu inayowaka, nikitabasamu kila akichungulia. Uongo wangu ulikuwa umeniandikisha kazi.

Asubuhi hiyo ya ukungu alichungulia tena. "Baba, acha hayo mashati. Leo ni kliniki, wiki ya kumi na mbili. Umechukua daftari?"

"Ninalo."

"Mkono?"

"Unapona."

"Nione."

"Tutachelewa, mama."

Nikauingiza mfukoni.

Kwenye benchi la kliniki tulimkuta Fundi Saa. Yeye hutengeneza saa za mkononi, au alikuwa akitengeneza, maana vidole vyake sasa havizijui skrubu. Zikidondoka huzitafuta sakafuni kwa sumaku aliyoifunga kwenye kijiti. Tulianza utafiti wiki ileile, na tangu siku hiyo hatujaacha kutaniana. Daftari lake hulijaza kwa mwendo wa ufundi wake. Sista alishamkemea kwa kuandika "saba na robo".

"Mzee Pasi!" akaniita. "Mheshimiwa Mbili! Sogea, tukae karibu na waliobarikiwa."

"Acha maneno yako. Wewe uko ngapi?"

"Nane kasorobo." Akacheka, lakini hakuendelea kucheka. "Leo narudisha daftari. Najitoa."

Mke wangu akageuka. "Kwa nini, shemeji? Zimebaki wiki kumi na mbili tu."

"Hesabu ni nyepesi, shemeji yangu. Tulianza pamoja, wote nane. Mwenzangu ameshuka mpaka mbili, mimi nimebaki kileleni kama jogoo juu ya paa. Kwa hiyo yeye amepewa dawa, mimi nimepewa chaki. Kwa nini niendelee kula chaki? Mimi si ubao."

"Huwezi kujua," nikasema.

"Najua. Ushahidi umekaa hapa pembeni yangu, umevaa shati lililonyooka."

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo. Mke wangu alikuwa ananitazama kwa uso uleule wa Alhamisi ile, na Sista akatokea mlangoni akaniita. Nikaufunga mdomo, nikaingia.

Chumba cha utafiti ni kidogo. Kina meza, kompyuta, kitanda cha kupimia chenye karatasi inayotoa mchakacho ukiikalia, na feni inayozunguka bila kuleta hewa. Sista akafunga mlango. Akanivua viatu, akaniambia nifumbe macho, akachukua ule uzi mgumu unaofanana na wa kuvulia samaki, akaanza kugusa vidole vya miguu. Nilitakiwa kusema "ndiyo" kila nikisikia. Nikangoja aanze.

"Umelala, mzee wangu?"

"Sijalala."

"Nimeshagusa mara sita."

Akachukua uma wa chuma, akaugonga ukatetemeka, akauweka kwenye fundo la mguu. Mtu mwenye afya husikia mtetemo. Mimi nilisikia baridi ya chuma kwa mbali, basi.

"Hii haijabadilika," akasema, kama anajisemea. "Lakini maumivu yameshuka sana. Inawezekana. Dawa hii hatuijui vizuri bado." Akakaa kwenye kompyuta, akafungua daftari langu la kijani, akaanza kuingiza namba huku akizitamka. "Mbili. Mbili. Mbili. Mbili."

Sijui kama umewahi kufungiwa mahali na kusikia mtu akipigilia misumari kwa nje. Kila mbili ilikuwa msumari, na nyundo nilikuwa nimempa mimi.

Mezani kulikuwa na nakala ya zile karatasi za mwanzo. Nikazitazama ili nisimtazame yeye, na macho yangu, bila kuombwa, yakaanza kusoma. Ms-hi-ri-ki yuko huru ku-ji-to-a wakati wowote bila kutoa sababu. Sentensi nzima, mimi mwenyewe. Kumbe mlango ulikuwepo. Ningeweza kusema, Sista, nimechoka, najitoa. Asingeuliza kitu. Ningetoka nje na heshima yangu, na mbili zangu zingebaki humo ndani milele, zikihesabiwa pamoja na namba za watu wa kweli. Siku moja mtu mwenye miguu kama yangu angepewa dawa isiyofanya kazi kwa sababu dobi fulani alisema inafanya. Au angenyimwa inayofanya kazi, kwa sababu ya dobi yuleyule aliyemeza chaki na kusema amepona.

Nikaomba pale pale, macho wazi. Na nilipoomba nikagundua jambo lililonitia aibu. Katika maombi yangu sijawahi kumwambia Mungu mbili. Kila asubuhi nikipiga magoti humwambia, Baba, miguu inawaka, Baba, siku ya leo nitaimalizaje. Humwambia nane, na kuna siku humwambia kumi. Mungu, anayejua yote, nilimpa ukweli. Daftari, lisilojua chochote ila nitakachoandika, ndilo nililolidanganya.

Hata mteja sijawahi kumdanganya hivyo. Doa likikataa kutoka, nilimwambia mwenyewe, doa hili limekataa. Dobi anayesema doa limetoka huumbuka shati likifika juani.

"Sista, simama kwanza."

Vidole vyake vikasimama.

"Usiandike hizo. Si za kweli."

"Zipi?"

"Zote, kuanzia wiki ya tatu." Nikautoa mkono mfukoni, nikafungua kitambaa kwa meno. Kidonda kilikuwa kimetengeneza ncha ya pasi vizuri, kama muhuri.

Alikiangalia, akaniangalia, akashusha pumzi. Sikuona hasira, nami nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. "Lini?"

"Ijumaa."

"Na hukutupigia simu?"

"Mtu wa mbili haungui, mwanangu."

Akatoka. Nilibaki na feni. Aliporudi alikuwa na daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani shingoni, na nyuma yao mke wangu, kwa sababu ndiye shahidi wangu kwenye karatasi. Daktari alisafisha kidonda kwanza, akakifunga, kisha akaniambia nieleze mwenyewe. Nikaeleza. Kumweleza daktari kulikuwa rahisi. Mke wangu alisimama karibu na mlango ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na sikuthubutu kumgeukia.

"Tufute basi, daktari," nikasema mwishoni. "Nipe ufutio. Nitaandika nane zote upya."

"Hatufuti," akasema. "Katika utafiti hakuna ufutio. Kosa linapigwa mstari mmoja tu, ili kilichoandikwa kiendelee kusomeka, na pembeni unaweka tarehe na saini. Na nane za wiki tisa zilizopita huwezi kuzikumbuka leo. Hizo zitakuwa uongo wa pili. Tutaandika kwamba namba hizi haziaminiki, na kwa nini."

"Kwa hiyo mbili zangu zitabaki?"

"Zitabaki, zikiwa na mstari."

"Na mimi? Nitatolewa?"

"Hilo siamui peke yangu. Nitapeleka habari ya mkono na habari ya daftari kwa kamati leo. Wanaweza kukuacha, wanaweza kukutoa. Mpaka wajibu, endelea na vidonge, endelea na daftari."

"Na vidonge vyenyewe ni..."

"Sijui," wakasema wote wawili kwa pamoja, na Sista akajikuta ametabasamu.

Ndipo mke wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Miezi miwili nimesimama mbele ya watu nikishukuru. Nikakurudisha kwenye pasi kwa mkono wangu mwenyewe. Kumbe nilikuwa nakuchoma."

"Si wewe, mama. Nilitaka ufurahi. Nilidhani nikiandika nane nitakuwa sina imani."

"Mimi niliomba upone," akasema. "Sikuomba uandike. Hivi unadhani Mungu anasoma daftari la kliniki ndiyo ajue pa kuanzia?" Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alikuwa ameshaweka mkoba chini na kukaa kwenye kile kitanda cha karatasi kando yangu. "Alhamisi tutasimama wote wawili. Utasema wewe. Mimi nimesema ya kutosha."

Watu kumi na wanne. Hilo nalo lilikuwa linaningoja.

Mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja. Fundi Saa, daftari lake la kijani mkononi.

"Samahani, daktari. Mbao za hapa ni nyembamba, na masikio ndiyo kitu pekee nilichobakiwa nacho kizima." Akanitazama. "Kwa hiyo wewe ni nane?"

"Nane. Leo labda tisa."

"Miezi yote hii nimekuonea wivu bure?"

"Bure kabisa."

"Mshenzi wewe." Alisema hivyo kwa upole kiasi kwamba hata Sista hakumkemea. Akasimama pale akilipeperusha daftari lake kama mtu anayejipepea. "Sasa hata mimi sijui nimemeza nini."

"Hukujua tangu mwanzo," daktari akamwambia. "Unajitoa au unabaki? Una haki zote mbili."

Fundi Saa alifikiri. Kisha akalirudisha daftari mfukoni kwenye koti. "Nitabaki mpaka nijue. Lakini huyu mtu nataka aseme mbele yetu. Saa ikishadanganya mara moja huiamini mpaka uiangalie kwa siku kadhaa."

Daktari akasema naye alikuwa anafikiria hivyo hivyo. Akachukua zile karatasi mezani. "Mara ya kwanza ulisomewa, ukaweka kidole. Leo nataka usome mwenyewe, usaini mwenyewe, na mashahidi wawepo."

Akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja. Nikavaa miwani ya mke wangu. Ilinichukua muda, na hakuna aliyenisaidia, hata nilipokwama kwenye neno "taarifa". Karatasi ilisema, Nitatoa taarifa za kweli kuhusu hali yangu, iwe nzuri au mbaya. Neno hilo lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Nililisikia likisomwa nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anavyoitikia salamu.

Nikasaini chini yake. Kisha, kwenye daftari la kijani, nikaanza kwa kupiga mstari mmoja juu ya mbili ya jana. Ikabaki inasomeka. Pembeni nikaandika tarehe 4 Juni, na jina langu, herufi kwa herufi, mkono usiosikia kalamu ukifuata macho. Dirishani ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na nikakumbuka mashuka, na chumba kile, na kwamba kesho bado nitakuwa na miguu hii hii.

Nikasimama. Nyayo zikawaka. Nikasema kwa sauti, ili na mbao za mlango zisikie:

"Mbele ya Mungu, na mbele ya mke wangu, na daktari, na Sista, na huyu fundi anayesikiliza milangoni, naahidi. Leo jioni nitaandika nane kama itakuwa nane. Kesho nitaandika itakayokuwa. Nikiungua nitasema nimeungua. Na siku nitakapoandika mbili, mniamini, kwa maana itakuwa ni mbili."